Shemeji anataka kuniletea kamera kutoka Muscat, lakini siyo ninayoitamani

Shikamoo mama,

Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Ngamiani hapa Tanga. Mchana nafanya kazi kwenye duka la steshenari: natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za paspoti. Hizo za paspoti ndizo zilizoniingiza kwenye mambo haya. Mwaka jana binti wa jirani yetu alipoolewa, siku ya kupambwa mama yake aliniomba niingie na simu yangu nimpige picha chache, maana mpiga picha waliyemlipa ni mwanaume na mle ndani hawezi kuingia. Nikapiga. Wakazipenda, wakawaonyesha ndugu zao wa kike, na tangu hapo nimeitwa mara sita: kicheni pati tatu, kupamba mbili, na arobaini moja ya mtoto.

Tatizo la simu ni usiku. Mchana, uani, picha zinatoka nzuri tu. Usiku bi harusi akishakaa kwenye jukwaa lake, na zile taa za rangi, uso unakuwa kama umepakwa maji. Wakianza kucheza ndiyo kabisa, wote wanakuwa ukungu. Shughuli ya mwisho nililipwa nusu kwa sababu hiyo na sikudai, kwa kuwa hata mimi nilipozitazama nyumbani niliona aibu.

Nina akiba ya Sh 1,500,000. Kwenye kikoba chetu naweza kukopa 700,000 nyingine. Ushauri ninao mwingi na kila mtu anasema lake. Shemeji yangu, mume wa dada, anafanya kazi Muscat na anakuja mwezi ujao. Anasema nimtumie pesa aniletee Canon EOS R50 mpya yenye lenzi mbili, na itakayopungua atajazia yeye. Muuzaji wa duka moja mjini anasema nichukue Canon EOS 4000D mpya, ina megapikseli 18, na kwamba zaidi ya hapo ni kutupa hela. Halafu kuna kaka mmoja mpiga picha anauza Nikon D750 aliyoitumia, pamoja na lenzi ya 50 f/1.8, kwa 1,350,000. Hiyo ndiyo niliyoishika mkononi, ikanikaa moyoni. Rafiki yangu anasema kununua kitu kilichotumika ni kununua matatizo ya mwenzio.

Mama naye anasema nikimkataa shemeji nitakuwa nimemvunjia heshima, na atakayelaumiwa ni dada yangu.

Video wananiomba mara chache, vipande vya dakika moja moja vya kumtumia shangazi aliye mbali. Wanachotaka hasa ni picha, na wanataka kuwa na hakika kwamba hakuna mwanaume atakayeziona. Nifanye nini mama?

Binti wa Ngamiani

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako imenikalisha chini, kwa sababu mimi pia nilianzia kwenye chumba hichohicho. Mwaka 2009 nilikuwa na Nikon D90 ya kuazima, nikaingizwa ndani kumpiga picha bi harusi kwa sababu ileile iliyokuingiza wewe: nilikuwa mwanamke na nilikuwa na kamera. Nilikuwa sijui lolote kuhusu mwanga. Nakuandikia mambo ambayo siku ile hakukuwa na mtu wa kuniambia.

Jibu lenyewe nakupa kwanza. Chukua ile D750, ikipita ukaguzi nitakaokueleza. Shemeji usimkatae, mbadilishie mzigo. Mkopo wa kikoba uache ulipo.

Sasa nikueleze kwa nini. Kamera yako ya kwanza usiichague kwa kutazama kabati la duka. Funga macho urudi kwenye chumba ulichoniandikia. Ni usiku. Juu kuna taa moja, pembeni taa ya duara ya mpambaji, nyuma ya bi harusi pazia lenye vitaa vidogovidogo, na mlango umejaa kina mama wanaopiga vigelegele. Macho yetu yanazoea, tunaona kuna mwanga wa kutosha. Kwa kamera pale ni giza, na kazi yako karibu yote iko kwenye giza hilo. Mwenzio anayepiga picha za wanyama Serengeti mchana kweupe anahitaji kitu kingine kabisa, na anayepiga bidhaa za duka juu ya meza anahitaji kingine. Wewe unahitaji kamera inayoona usiku, ndani ya chumba kidogo, watu wakitikisika.

Kinachoona usiku kwanza ni lenzi. Kwenye kila lenzi utakuta namba ya f. Namba ikiwa ndogo, tundu linafunguka zaidi na mwanga unaingia mwingi. R50 ya shemeji huja na lenzi ya milimita 18-45 (milimita zikiwa nyingi, lenzi inavuta vitu karibu zaidi), na ukiivuta mpaka 45 inaishia f/6.3. Ile ya pili, 55-210, inaanzia f/5 na kuishia f/7.1, hiyo ni ya mchana. Lenzi ya 50 f/1.8 ya yule kaka inaingiza mwanga mara 12 kuliko hiyo f/6.3. Mara kumi na mbili, mwanangu. Tuifanye iwe hesabu ya chumbani: bi harusi anacheza taratibu, umeweka shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, 1/100 ya sekunde, lenzi f/1.8, na ISO 3200 inakupa uso unaosomeka vizuri (ISO ni kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga ulioingia, na ikipanda sana picha inachafuka). Kwa shata hiyohiyo, lenzi ya f/6.3 ingekudai ISO karibu 39,000. R50 kwa kawaida inaishia 32,000. Yaani uisukume mpaka ukutani, picha itoke bado ina giza, na juu ya giza hilo chengachenga tupu. Utakuwa umetumia hela nyingi kurudi palepale simu ilipokuacha.

Siisemi vibaya R50. Ni kamera ya 2023, nyepesi, pamoja na betri na kadi yake ni gramu 375 tu, na inalifuata jicho la mtu hata akigeuka. Kwa video inaishinda D750 waziwazi, maana D750 ukiwasha video fokasi yake huhangaika, inakwenda na kurudi kama mtu aliyepoteza miwani. Ungeniandikia kwamba wateja wako wanataka video, ningekujibu vingine. Umesema wanataka picha.

Unaweza kuniuliza, si niinunulie R50 lenzi yake ya 50 f/1.8? Inawezekana, ipo. Ila sensa ya R50, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ni ndogo, na juu yake lenzi ya 50 huona kama 80. Kwenye vyumba vya nyumba zetu utajikuta mgongo umegota mlangoni na bado umepata kichwa na mabega tu, mikono yenye hina na piko imebaki nje ya picha. D750 ina sensa ya milimita 36 kwa 24, pale 50 inabaki kuwa 50: ukikaa kitandani naye akiwa kwenye kiti chake, unampata kuanzia kilemba mpaka mapajani. Jambo la pili, pale juu inapochomekwa flashi R50 ina mtindo mpya, na flashi nyingi tulizozizoea hazifanyi kazi pale mpaka uongeze adapta ya AD-E1. Ni gharama nyingine, na ni jambo la kulijua dukani, siyo ukumbini.

Kuhusu 4000D sitakuchosha. Pete inayoshika lenzi ni ya plastiki, tundu la kadi ni moja, na lenzi inayokuja nayo ina tatizo lilelile la f/5.6 mwishoni. Hizo megapikseli 18 anazokusifia muuzaji ni nyingi kuliko unavyohitaji, na ndiyo maana hazina maana. D90 yangu ilikuwa na megapikseli 12. Picha zake ukizichapisha kwa ubora kamili unapata sentimita 36 kwa 24, kubwa kuliko karatasi ya A4 unayotolea kopi kila siku. Mpaka leo kuna sebule ninazoingia naikuta picha ya D90 ukutani, na mwenye nyumba hajawahi kuniuliza ina megapikseli ngapi. Anamwangalia binti yake.

Lililonifanya nikuchagulie D750 kuliko jingine lolote, hata kuliko mwanga, ni kwamba ina matundu mawili ya kadi. Mwaka 2013 nilipiga kupamba moja nikiwa na kamera ya tundu moja. Bibi yake bi harusi, mzee sana, aliletwa kwenye kiti, akavua mkufu wake mwenyewe akamvalisha mjukuu. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, ikabidi bi harusi ainame na kumshika mikono ili ndoana iingie. Niliipata. Niliiona kwenye kioo cha kamera, ikanitoa machozi. Nilipofika nyumbani kadi haikufunguka, na fundi niliyempelekea alipata picha kumi na kitu za vyakula. Yule bibi alifariki mwaka huohuo. Nilikwenda mwenyewe kumwambia mama wa bi harusi, nikarudisha hela yote, na alinisamehe kwa maneno mazuri ambayo mpaka leo yananiuma. Tangu siku hiyo sijapiga shughuli ya mtu na kamera inayoandika mahali pamoja. D750 uiweke iandike picha hiyohiyo kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Watakwambia unapoteza nafasi ya kadi. Waache waseme.

Sasa ukaguzi, maana rafiki yako hakukosea kuogopa. D750 ilitoka 2014, kwa hiyo hata ikitunzwa ina umri. Shata yake imepimwa kwa mipigo 150,000. Nikon huandika hesabu hiyo ndani ya kila picha, kwa hiyo piga picha moja ya JPEG, ihamishe kama ilivyo kwenye kompyuta ya kazini kwenu, ufungue taarifa zake kwa programu inayosoma hesabu ya shata. Usiipitishe WhatsApp, itafuta taarifa hizo. Ikiwa chini ya 60,000 furahi. Ikifika 100,000 bei ishuke. Ikipita 140,000 mshukuru kaka, uondoke. Mwombe pia namba ya usajili iliyo chini ya kamera, uiangalie kwenye tovuti ya Nikon, kwa sababu baadhi ya D750 za mwanzo ziliitwa kiwandani zitengenezwe shata. Ndani ya menyu kuna sehemu ya taarifa za betri inayoonyesha uzee wake kuanzia 0 mpaka 4. Betri ya 0 au 1 bado ina maisha, na betri nzima ya kamera hii inapiga picha zaidi ya 1,000.

Lenzi ndiyo uikague kwa makini zaidi, kwa kuwa uko Tanga. Ivue, iweke tundu wazi, imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma huku ukichungulia mbele. Vumbi kidogo si kitu. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, ni fangasi, na fangasi kwenye hewa yetu ya pwani haiponi kwa kufutwa na kitambaa. Hiyo lenzi iache, hata kama kamera unaichukua. Mengine ni ya dakika tano: piga ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya sensa, jaribu matundu yote mawili ya kadi, chomeka flashi ya mtu uone inawaka, na mwombe kaka risiti au boksi. Kamera zinaibwa, na hutaki mwenyewe aje kuitambua shingoni mwako katikati ya shughuli.

Bora zaidi ya yote hayo, kabla hujalipa mwombe akukodishie kwa shughuli moja. Muuzaji mwaminifu atakubali kwa dhamana, na wewe utajua kama shingo yako inaiweza: bila lenzi ni gramu 840, ukiongeza lenzi umebeba kilo nzima kwa saa tano. Siku hiyo weka kadi zako mwenyewe, wala usitumie hata moja ya kwake. Sababu yake nitaifikia.

Kuhusu shemeji. Mama yako ana haki. Mtu aliyeko Muscat, anayetokwa jasho kule na bado anakumbuka ndoto ya mdogo wa mkewe, hajibiwi kwa "sitaki". Ila heshima haidai upokee kitu kisichokufaa, inadai asirudi mikono mitupu. Mwambie unaanza na kamera ya hapahapa, na yeye akuletee flashi. Flashi utaihitaji siku ya kwanza. Kuna Godox TT685, aandike vizuri ile yenye herufi N mwishoni kwa ajili ya Nikon, maana wanatengeneza za Canon na Sony pia na kwa sura hazitofautiani. Inatumia betri nne ndogo za AA, kwa hiyo aongeze na betri za kuchaji nane pamoja na chaja yake. Itamgharimu kidogo kuliko kujazia R50, na kila picha ya usiku utakayopiga itakuwa na mkono wake ndani.

Flashi hiyo usimmulike mtu usoni. Igeuze ielekee dari jeupe au ukuta mweupe, mwanga urudi chini ukiwa laini. Ukikuta dari ya mbao nyeusi au mapazia ya zambarau, usiigeuzie huko, rangi ya zambarau itakurudia kwenye mashavu ya watu. Tafuta ukuta, au simamisha kikadi cheupe nyuma ya flashi. Usipotumia flashi, kaa kwenye shata 1/100. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu hukonyeza mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, ila shata ya haraka huona, na picha inatoka na michirizi ya giza.

Na uso wa bi harusi, mwanangu, hapa wengi wanaharibu. Kamera haijui bi harusi ni nani. Inakadiria mwanga wote ulio mbele yake na kuuleta katikati, kama kijivu. Jukwaa likiwa na mapazia meupe na gauni jeupe, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wa kahawia ndio unaozama. Kisha mpiga picha anaenda kwenye kompyuta kuupandisha uso peke yake mpaka binti wa watu anafanana na aliyejichubua. Pima mwanga kwenye shavu lake, si kwenye gauni, au ongeza fidia ya mwanga +1, yaani uiamuru kamera iongeze mwanga kuliko ilivyokadiria, uangalie kioo. Gauni likipoteza mikunjo miwili mitatu si neno. Rangi yake ibaki ileile aliyozaliwa nayo. Kwa mikono yenye hina na piko usitumie f/1.8, utapata kidole kimoja kimekolea na vingine vimefifia. Funga mpaka f/4, msogeze karibu na dirisha mapema kabla jua halijazama, umpige mikono peke yake. Picha hizo ndizo mama zao huziomba kwanza.

Umesema wanataka hakika kwamba hakuna mwanaume atakayeona. Hilo ndilo unalouza, kuliko ubora wa picha. Wamevua mitandio mbele yako. Kwa hiyo leo, kabla hujafika hata kwenye kamera, ingia kwenye simu yako uzime kuhifadhi picha mtandaoni kiotomatiki, maana kama akaunti hiyo imefunguliwa kwenye simu ya kaka yako nyumbani, picha zote za shughuli zako sita zinaingia kwake bila wewe kujua. D750 ina Wi-Fi, iache imezimwa. Kadi ya shughuli haitoki mkononi mwako, haiazimwi wala haiuzwi, kwa sababu kufomati kadi hakufuti kabisa. Kwa programu ya bure mtu anaweza kuzirudisha. Ndiyo maana nimekukataza kutumia kadi za yule kaka au kumrudishia kamera yake ikiwa na kadi yako ndani. Ikienda kwa fundi, iende tupu.

Kuna na uchapishaji, wengi husahau. Utapiga kwa uaminifu wote kisha uzipeleke studio ambako vijana watano wanazipitisha kwenye kioo. Tafuta studio yenye mwanamke unayemwamini na ukae naye mpaka ya mwisho itoke. Baadaye ukipata nafasi, nunua printa ndogo ya Canon SELPHY inayotoa picha za sentimita 10 kwa 15, uchapishe nyumbani umefunga mlango. Mteja mwandikie kwenye karatasi, hata ya daftari: picha ni zake, huzirushi popote, utazifuta baada ya siku kadhaa mtakazokubaliana. Halafu uzifute kweli.

Pesa. Kaka anataka 1,350,000, zitabaki 150,000. Hizo ni za kadi mbili nzuri, boksi la plastiki linalofunga kabisa hewa, na pakiti za silika za kunyonya unyevu. Kamera ikae humo, isikae kwenye mkoba wa ngozi ndani ya kabati la nguo, fangasi hupenda hapo kuliko popote. Kadi ukishanunua zijaribu kwanza kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta ya kazini, maana kadi bandia ziko nyingi: imeandikwa GB 64, ndani iko 8, na inakula picha zako kimyakimya. Lenzi pana kwa ajili ya picha za kundi usinunue sasa. Wapige kundi uani mapema ukiwa na nafasi ya kurudi nyuma, na shughuli ikidai zaidi, kodi lenzi ya 24-70 kwa siku moja uiweke gharama hiyo kwenye bei ya mteja.

Mkopo wa kikoba nimekukatalia kwa sababu umeshafanya shughuli sita tu, na ya mwisho ulilipwa nusu. Marejesho ya kikoba hayasubiri msimu wa harusi, na ukiingia Ramadhani na deni hutakuwa na shughuli ya kulilipa. Ukishalipwa kamili shughuli tano mfululizo kwa D750, hapo kakope ununue kitu cha kukuongezea kipato, na utakuwa unajua ni kipi.

Kwa shemeji usimpigie simu, kwenye simu utaona haya, utakubali R50. Mwandikie usiku wa leo, dada yako akiwa ameshajua. Ningeandika hivi:

"Shemeji, shikamoo. Nimeifikiria sana ile kamera na nimeomba ushauri kwa mtu wa kazi hii. Shughuli zangu ni za ndani na za usiku, kwa hiyo nimepata inayofaa hapahapa Tanga, ya kutumika, naikagua wiki hii. Ninachokosa ni flashi, na huku sijapata ya uhakika. Naomba uniletee Godox TT685N, ile ya Nikon, na betri za kuchaji za AA nane na chaja yake. Picha ya kwanza nitakayopiga nayo itakuwa ya dada, siku utakapofika."